Kutengwa na Kurudishwa: Neno juu ya Hadithi za Waamishi

Mwalimu mmoja wa shule ya misheni ametuletea barua yenye swali, na kwa kuwa swali lake lagusa lugha na desturi pia, tumeona vema kulijibu humu mbele ya wasomaji wote. Katika sanduku la vitabu vilivyotumika, lililopelekwa shuleni kwake kutoka Marekani, alikuta riwaya ya Beverly Lewis iitwayo The Shunning, iliyopigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1997. Akaisoma, akaipenda, akaanza kuwasimulia wanafunzi wake kwa Kiswahili. Lakini jina la kitabu lilimshinda. Kwanza alisema "Kususa"; darasa zima likacheka, maana anayesusa ni mtoto aliyenyimwa kipande cha nyama akakataa na ugali. Akajaribu "Kutenga", wanafunzi wakadhani ni habari za mgonjwa mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Ndipo akatuuliza mambo mawili: neno hilo lifasiriwe namna gani, na je, hadithi za namna hii zafaa kusomwa na vijana wetu?

Kwanza twaeleza Waamishi ni watu gani, kwa ufupi tu. Mwaka 1525, mjini Zurich katika Uswisi, Wakristo wachache walibatizana wakiwa watu wazima, wakisema ya kuwa ubatizo ni wa mtu ajuaye anachoahidi. Wakateswa sana, wengine walitoswa majini, wengine wakachomwa moto. Padri mmoja wa Uholanzi, Menno Simons, aliyeacha upadri mwaka 1536, aliwakusanya wengi wao, na kwa jina lake wakaitwa Wamennonite. Wasomaji wetu wa Mara wawajua vema, maana wamisionari wa kwanza wa kanisa hilo walifika Shirati mwaka 1934, wakitumwa na makanisa ya Pennsylvania, yaani jimbo lile lile wanamokaa Waamishi wengi. Waamishi nao ni tawi lililokatika katika mti huo mwaka 1693, na jinsi lilivyokatika ndiyo asili ya hadithi zote tutakazozitaja.

Mzee mmoja aliyeitwa Jakob Ammann alishika neno hili, kwamba mtu aliyetengwa na kanisa aepukwe hata mezani na nyumbani, si katika ibada tu. Mzee mwenzake, Hans Reist, alisema yatosha kumzuia Meza ya Bwana. Wakaitana ili washauriane, Reist hakuja, Ammann akamtenga yeye na wazee wenzake waliomfuata. Mwaka 1700 Ammann na baadhi ya wenzake walikiri ya kuwa walitenda kwa haraka, hata wakajitenga wao wenyewe kama watu walio chini ya adabu, wakiomba mapatano. Lakini neno la kumwepuka mtu mezani hawakuliacha, na kwa ajili hiyo mapatano hayakupatikana. Basi watu hawa walizaliwa katika ugomvi wa ndugu ambao haukusuluhishwa, nao ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya njia ya kusuluhisha ugomvi. Si ajabu kwamba waandishi wa riwaya wamepata humo kisima kisichokauka.

Ulaya hawapo tena. Kusanyiko lao la mwisho huko liliungana na Wamennonite mwaka 1937. Katika Amerika ya Kaskazini wamezidi watu 350,000, nao wengi wako Pennsylvania, Ohio na Indiana. Huendesha magari ya farasi, hawaungi nyumba zao na nyaya za umeme wa watu wote, na watoto wao husoma miaka minane tu, jambo lililokubaliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1972. Hawana majengo ya kanisa. Kila Jumapili ya pili huabudu katika nyumba ya mmoja wao. Nyumbani husema Kijerumani cha Pennsylvania, katika ibada husoma Biblia ya Luther, na kwa wageni husema Kiingereza. Kila mtu asiye wa kwao humwita Mwingereza, hata kama ni Mmarekani wa vizazi kumi. Bila shaka na sisi tukienda kuwatazama tungeitwa Waingereza, kama vile huku kwetu kila mtu mweupe ni Mzungu hata akiwa ametoka nchi gani.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Kwa Kijerumani chao huitwa Meidung, na asili yake ni kitendo cha kuepuka. Aliyebatizwa kisha akavunja ahadi yake bila kutubu huonywa kwa mfano wa Mathayo sura ya 18: kwanza kwa siri, kisha mbele ya mashahidi, kisha mbele ya kusanyiko. Asiposikia, hutengwa. Tangu siku hiyo ndugu zake wa kanisani hawali naye meza moja, hawapokei kitu mkononi mwake, hawapandi gari lake, wala hawafanyi biashara naye. Kumsaidia waweza, kusaidiwa naye hawawezi. Makusanyiko hayalingani katika ukali wa mambo haya. Ungamo lao la imani lililoandikwa Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1632, lafundisha habari ya kuepuka, lakini lasema pia ya kuwa jambo hilo lifanywe kwa kiasi, ili mtu atengenezwe asiangamizwe, tena akiwa na njaa alishwe.

Msomaji na aangalie tofauti moja ambayo wasimulizi wengi huipita. Kijana asiyebatizwa hatengwi. Ubatizo kwao ni wa mtu mzima, mara nyingi kati ya miaka 18 na 22, na kabla ya hapo kijana hupewa nafasi ya kutembea huku na huku na wenzake, muda uitwao rumspringa. Akiondoka wakati huo, wazazi hulia, lakini sahani yake yabaki mezani. Akiisha kupiga magoti na kuahidi, mambo ni mengine. Hatusemi kuapa, maana hawaapi kabisa. Lakini ahadi ile yazidi damu. Zaidi ya 8 kati ya kila vijana 10 huchagua kubatizwa. Kwa hiyo anayeweza kutengwa si mgeni wala mtoto. Ni mtu aliyesema ndiyo kwa kinywa chake, na wanaopaswa kumwepuka ni baba, mama, ndugu, na hata mke wake, kwa kuwa wao nao walisema ndiyo hiyo hiyo. Mzozo hauko kati ya mwema na mwovu. Mama akimpitishia mwanawe bakuli avunja ahadi yake kwa Mungu. Asipompitishia, moyo wake wavunjika. Penye hadithi za mapenzi za Kimarekani ambazo mara nyingi hazina uzito wowote, jambo hili lina uzito.

Hadithi juu ya Waamishi si za jana. Mwaka 1905 Helen Reimensnyder Martin alitoa riwaya yake Sabina, naye aliwaonyesha watu hawa kuwa wagumu, wachoyo na wajinga. Joseph W. Yoder, aliyezaliwa na kulelewa kati yao huko Pennsylvania, alichukizwa na vitabu vya namna hiyo, na mwaka 1940 alipiga chapa kwa gharama yake Rosanna of the Amish. Ni maisha ya mama yake mwenyewe, binti wa Waairishi Wakatoliki, aliyefiwa na mama yake akiwa mchanga, akalelewa na mwanamke wa Kiamishi. Alipokua, ndugu zake wa damu walimtaka, naye alikuwa na nyumba mbili na dini mbili. Akabaki kwa waliomlea. Kitabu hakina madaha yoyote. Chaeleza arusi, mavuno, uchaguzi wa wahubiri kwa kura, chakula cha Jumapili, na mwandishi anasimama mara kwa mara kumfundisha msomaji kama mwalimu mbele ya ubao. Twakiri kwamba sisi twakipenda kuliko vitabu vingi vilivyokuja nyuma yake.

Vilivyokuja nyuma ni vingi mno. Baada ya The Shunning kufanikiwa, wachapaji wa vitabu vya Kikristo waliona njia, na waandishi kama Wanda Brunstetter na Cindy Woodsmall wakaifuata. Bibi Valerie Weaver-Zercher, aliyechunguza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2013, alihesabu riwaya mpya 85 zilizotoka mwaka 2012 peke yake, maana yake kitabu kimoja kila siku nne hivi. Wasomaji wengi ni wanawake Waprotestanti wasiopata kuonana na Mwamishi hata siku moja. Waandishi nao wengi si Waamishi, ingawa wako wachache, kama Linda Byler, walio washiriki kamili wa makusanyiko hayo.

Turudi kwenye kitabu cha mwalimu wetu. Katie Lapp ni msichana wa Lancaster County, karibu kuolewa na askofu mjane mwenye watoto. Katika dari ya nyumba aona gauni la mtoto mchanga, la kitambaa laini cha anasa, kisichopata kuvaliwa na mtoto wa Kiamishi. Kwa gauni lile siri yafichuka: wazazi wake hawakumzaa, alizaliwa na mwanamke wa "Kiingereza". Siku ya arusi yenyewe aondoka. Atengwa. Nyumba iliyomlea yampa mgongo, naye aenda kumtafuta aliyemzaa. Ukitazama, utaona kwamba kosa la kwanza si la binti. Ni la wazazi walionyamaza miaka ishirini na zaidi kwa ajili ya upendo na hofu. Lakini adabu ya kanisa haina mlango wa kuwaita wazazi walionyamaza, ina mlango wa kumtoa binti aliyekataa kutii. Hapo ndipo kitabu kina nguvu, na hatudhani mwandishi alijua kiasi chake.

Udhaifu wake, na wa wenzake wengi, uko katika mapatano. Katika riwaya hizi mtu hupatana kwa machozi. Barua hupatikana, mgonjwa huwa karibu kufa, binti huingia mlangoni wakati wa theluji, mama humkumbatia, na yaliyopita yamepita. Twaelewa kwa nini wasomaji hupenda hivyo. Lakini Waamishi wenyewe hawarudishani hivyo. Aliyetengwa akitaka kurudi, huja mbele ya kusanyiko, hupiga magoti, huulizwa, hukiri. Waliobatizwa wote huulizwa kama wakubali. Ndipo askofu humshika mkono, humwinua, na kumpa busu la amani. Akiwa mwanamke, mke wa askofu ndiye ambusuye. Tangu hapo neno lile halipaswi kutajwa tena, na anayelitaja ndiye mwenye kosa. Tena mara mbili kwa mwaka, kabla ya Chakula cha Bwana, kusanyiko zima huulizwa kama wako katika amani. Pakiwa na ugomvi mkubwa, Meza huahirishwa. Ugomvi wa wakwe wawili juu ya mpaka wa shamba waweza kuwazuia watu mia wasishiriki. Haya si mambo ya moyo wa mtu mmoja peke yake, na riwaya inayoyapunguza hata yakawa kukumbatiana jikoni imempokonya msomaji sehemu iliyo ngumu kuliko zote, yaani kupiga magoti mbele ya majirani.

Kiswahili chetu kina maneno yanayosaidia kupambanua mambo haya kuliko Kiingereza. Twasema kusamehe, nako kwaweza kufanywa na mtu mmoja. Anayesamehewa huenda yuko mbali, huenda amekufa, huenda hataki. Twasema kupatana, na ile -ana mwishoni yadai watu wawili. Hapatani mtu na ukuta. Twasema kupatanisha, na hapo wa tatu ameingia. Tena twasema kutaka radhi na kutoa radhi, na kila mzee wa pwani ajua kwamba radhi ya mzazi si maneno matupu. Mtu aliyekosa radhi huhesabiwa kuwa ameanguka hata kama mali yake ni nyingi. Waamishi husamehe upesi na hupatana polepole, na watu wa nje, kwa kuyachanganya maneno hayo mawili, huwashangaa mara mbili.

Tarehe 2 Oktoba 2006 mtu mmoja asiye Mwamishi aliingia katika shule yao ya Nickel Mines, Lancaster County, akawapiga risasi wasichana kumi. Watano wakafa, naye akajiua. Siku ile ile majirani Waamishi walikwenda kwa mke na wazazi wake kuwaambia kwamba wamemsamehe, na siku ya maziko yake wengi wao walihudhuria. Ulimwengu ulistaajabu. Wengine wakauliza: watu walioweza kumsamehe muuaji kwa siku moja, mbona huendelea kumwepuka mtoto wao miaka thelathini kwa sababu amenunua gari? Jibu lao ni kwamba yule wa kwanza hakuwaahidi kitu, na huyu wa pili aliahidi; tena ya kwamba huyu naye wamemsamehe, lakini kurudishwa kwangoja toba. Jibu lina mantiki. Kwamba lina faraja kwa mama anayeandaa chakula jioni, hatuwezi kusema.

Wao wenyewe hawakukubaliana. Mwaka 1927, katika Somerset County, Pennsylvania, askofu Moses Beachy alikataa kuwaepuka watu ambao kosa lao lilikuwa kuhamia kanisa jirani la Kimennonite, na kusanyiko likagawanyika kwa ajili hiyo. Mwaka 1947, katika Wayne County, Ohio, mkulima mmoja aliwashitaki wazee wanne wa kanisa lake. Alikuwa na mtoto mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari mara kwa mara, akaenda kwenye kusanyiko linaloruhusu gari, akaepukwa. Baraza la mahakama likaamuru alipwe dola 5,000. Zaweza kutolewa fedha kwa hukumu, lakini hakuna hakimu awezaye kumwamuru ndugu yako akupitishie chumvi. Hadithi hii yatosha riwaya nzima, na twashangaa kwamba waandishi wa riwaya 85 za mwaka mmoja hupendelea zaidi mvulana mwenye macho ya buluu na farasi wake.

Basi, neno la kufasiri. "Kususa" hakufai, maana kwatoka kwa mwenye kinyongo, na mara nyingi ni cha kitoto. "Kugomea" ni la kazini. "Kuepuka" ni karibu sana na Meidung, lakini kwa Kiswahili mtu huepuka hatari au deni, na aliyeepukwa haonekani kuwa ni mpendwa. "Kutenga" mwalimu wetu aliliacha upesi mno. Ni kweli kwamba twatenga wagonjwa. Tena katika misheni zetu nyingi neno hili ndilo lisemwalo juu ya aliyezuiliwa Meza ya Bwana, na kwa hiyo wanafunzi wa dini walijua tayari. Lakini liko na maana yake ya tatu, ambayo kila mtoto aisikia nyumbani kila siku: mama akiisha pika, hutenga chakula. Kitendo kile kile kimsogezacho mtu kando ndicho kiwekacho sahani mbele ya mlaji. Hatujui lugha nyingine ambayo ingalitoa jina zuri kuliko hili kwa habari ya watu ambao mambo yao yote hukatwa mezani. Kwa hiyo twashauri "Kutengwa", katika hali ya kutendwa, maana ndiye anayetengwa ambaye hadithi yamfuata.

Kuhusu swali la pili, twaona zafaa kusomwa, kwa sharti mbili. Ya kwanza, mwalimu awaambie wanafunzi mapema ya kuwa mwandishi si mmoja wa watu anaowaeleza, kama vile tungalitaka mgeni aandikaye habari za jando au arusi zetu asomwe kwa tahadhari. Na akiweza kukipata kitabu cha Yoder, awasomee sura mbili tatu za hicho kwanza. Ya pili, asiwaulize wanafunzi nani ana haki, binti au kanisa. Vijana hujibu swali hilo upesi, kisha hawafikiri tena. Afadhali awaulize nini kingemlazimu kila mmoja katika nyumba ile kukifanya ili mtu arudi, na ni nani aanze.

Tena awaeleze desturi moja ambayo riwaya chache huitumia, ingawa wachunguzi wa mambo ya Waamishi wameiandika. Mtoto aliyetengwa akija kuwasalimu wazazi, hawawezi kula naye meza moja, wala hawataki kumweka pembeni kama mgeni asiyejulikana. Basi katika nyumba nyingine huweka meza mbili, zikiachana nafasi ya vidole vichache. Moja ya wenyeji, moja yake yeye. Kisha mama hutandika juu ya zote mbili kitambaa kimoja.